Bi mkubwa wa kwenye boti, ahsante sana
Asalaam alaykum jamani, namtafuta bi mkubwa mmoja tulokaa pamoja kwenye boti kutoka Mkoani, Pemba, kuja Unguja wiki ilopita, jina skumuuliza, adabu zilinipotea. Mie nashona kofia za viua, nna miaka 46, na tokea mwaka jana kutunga uzi tu kwenye sindano mpaka nimwite mtoto, nkiulizwa nasema taa mbovu, uzi wa siku hizi mbaya, kila kitu kibaya ila macho yangu. Basi mule botini nimetoa kofia yangu, sindano naisogeza mbali mpaka mkono umekwisha, yeye ananitizama tu, mara akavua miwani yake akanivisha, hata ruhusa hajaomba! Wallahi niliona vitundu vyote, na makosa yangu pia (kuna mtu Wete kavaa kofia yangu ilokwenda upande, anisamehe). Akanambia mwanangu huumwi, ukishapita arubaini lenzi ya jicho hukakamaa, haijipindi tena kuona karibu, hata mie nilikataa miaka mitatu. Nkamwambia lakini hii si ndo miwani ya kizee? Akacheka mpaka akakohoa. Akanihimiza nisiokote tu ya barabarani, nende nkapimwe kwanza na presha ya macho waitizame. Tulipofika bandarini Malindi, hapa Unguja, nikamrudishia shingo upande.

Nshapimwa, nimepewa miwani ya namba moja na nusu. Anomjua amwambie kofia ya mzee wake nshaianza, nataka saizi ya kichwa tu.