Malalamiko ya kunyimwa fidia ya bima kubwa ya pikipiki ya abiria

Meneja wa Madai,
Makao Makuu ya Kampuni,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUPINGA KUKATALIWA KWA MADAI YANGU YA AJALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni mwendesha bodaboda wa Mbagala Rangi Tatu na ni mteja wenu wa bima kubwa, ile inayofidia hata uharibifu wa pikipiki yangu mwenyewe. Naandika kupinga barua yenu ya pili, inayosema hamtalipa kwa kuwa pikipiki yangu ina bima ya matumizi binafsi na ilipata ajali ikiwa imebeba abiria wa kulipa.

Bima ya matumizi binafsi sikuomba. Kwa wakala wenu nilikwenda na kadi ya pikipiki, leseni yangu ya udereva daraja A, la pikipiki, na leseni ya usafirishaji ya LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Hiyo ya LATRA mtu haikati kwa ajili ya kwendea sokoni. Pikipiki yenyewe ilikuwa mlangoni, kibao cheupe cha biashara, kofia mbili zikining'inia kwenye usukani, na wakala akatoka nje kuipiga picha pande zote kwa simu yake. Picha hizo ndizo zilizowafanya mkubali kunipa bima kubwa badala ya ndogo, na ziko kwenye faili lenu. Kibao cheupe kinasomeka vizuri kabisa. Wakala alinitajia bei ya pikipiki ya biashara, nami nikailipa yote kwa simu. Ujumbe wa malipo nimeuambatanisha. Kiasi kilichoandikwa kwenye hati ya bima ni kidogo kuliko nilicholipa. Tofauti imekwenda wapi, hilo muulizeni wakala wenu, maana mimi nikimuuliza anasema mtandao ulikuwa unasumbua.

Kinachonishangaza zaidi ni kwamba hii si sababu yenu ya kwanza. Barua ya kwanza ilisema sikuwa na leseni halali, mkaambatanisha nakala ya leseni yangu ya kujifunzia. Nakala hiyo niliiacha kwa wakala zamani, nilipokwenda kuulizia bei tu, wakati bado niko chuo cha udereva. Baadaye nilifanya mtihani wa polisi, nikafaulu, nikalipia TRA na kupewa leseni ya miaka mitano, na hiyo ndiyo niliyokata nayo bima. Nilipowaletea nakala yake pamoja na cheti cha chuo, habari ya leseni ikafa kimyakimya. Hakuna aliyeandika kwamba mlikosea. Ikaja barua nyingine yenye sababu nyingine, kama vile uamuzi wa kutolipa ulishatangulia na kilichokuwa kinatafutwa ni maneno ya kuuvalisha.

Kijiweni kwetu wapo wanaoendesha hadi leo bila leseni wala bima, na siku niliyokwenda chuo walinicheka. Sasa wanacheka tena, na safari hii sina la kuwajibu.

Kuhusu ajali yenyewe sina haja ya kueleza mengi, kwa sababu ripoti ya polisi na mchoro wa eneo la tukio mnavyo. Daladala ilichomoka kituoni bila ishara, ikatugonga ubavuni. Shokapu za mbele zimepinda, rimu imekunjamana, tangi limebonyea. Abiria wangu, mama mmoja aliyekuwa anawahi Kariakoo, alivunjika mkono. Alichukua PF3, fomu ya polisi ya matibabu, akatibiwa, na sasa ndugu zake wananipigia mimi simu kuhusu gharama za hospitali.

Hapo ndipo ningeomba msome kwa utulivu. Kama neno "binafsi" ndilo linalosimama, basi tangu mlipochukua hela yangu kila abiria aliyepanda nyuma yangu alipanda bila kinga, huku mimi nikimwambia asiwe na wasiwasi kwa kuwa bima ipo. Baada ya barua yenu niliwaomba wenzangu waliokata kwa wakala huyohuyo wahakiki stika zao za bima kwenye mfumo wa TIRA, mamlaka ya kusimamia bima. Kwa baadhi yao imetokea "binafsi" vilevile, na wote ni bodaboda. Wao hawajapata ajali, kwa hiyo hakuna aliyewaandikia barua. Askari wa trafiki akiwasimamisha anaona stika iko hai, anawaruhusu waende. Kasoro itakuja kuonekana mtu akishaumia.

Ninachotaka ni hiki. Barua zenu zote mbili mzifute kwa maandishi. Madai yangu yashughulikiwe kama ya pikipiki ya kubeba abiria, ambayo ndiyo niliyoilipia, na matibabu ya yule mama yaingie humo humo. Stika za wenzangu mzirekebishe sasa hivi bila kuwadai hela ya juu, kwa sababu kosa limefanyika kwenye kaunta inayobeba nembo yenu. Wakala ni wenu. Nilipokuwa nalipa hamkusema hamumjui.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Likikosekana, faili hili lote nitalipeleka TIRA na kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, pamoja na nakala za stika za wenzangu ambao wameridhia. Majibu ya simu ya kwamba "suala lako linafanyiwa kazi" nimeshayapata ya kutosha.

Pikipiki iko kwa fundi na haijaguswa, kama mtathmini wenu alivyoagiza. Mrudisheni aimalizie kazi yake, au nipeni ruhusa ya maandishi nianze kuitengeneza, kwa sababu saccos iliyonikopesha inadai marejesho yake kila mwezi na pikipiki hiyo ndiyo iliyokuwa inayalipa.

Wenu,

Mwenye bima,
Mbagala Rangi Tatu.

Viambatanisho: nakala za leseni ya udereva, cheti cha chuo, leseni ya LATRA, kadi ya pikipiki, hati ya bima, ujumbe wa malipo, na barua zenu mbili.