Barua kwa Mama Subira: Babu na pofu wa Kolo

Dodoma, Jumatatu usiku

Mama Subira mpendwa,

Habari za siku, habari za nyumbani, watoto hawajambo? Baba Mkubwa mpe shikamoo yangu, umwambie namuulizia sana, maana nusu ya barua hii ni yake. Sisi huku wazima, tunamshukuru Mungu. Najua nimekaa kimya tangu ule msiba wa kwa Mama Upendo, na nimesikia umeniulizia kwa watu. Nisamehe, mwenzangu. Nimeandika kwa sababu hili haliwezekani kwenye simu. Nikikupigia nitalia, na wewe ukisikia nalia utapanda gari alfajiri kabla hujajua ninachotaka.

Ni Baba. Usishtuke, mzima, jioni amekula ugali na mlenda, sasa hivi amelala. Ni macho yake.

Daudi alikuja Ijumaa na mkewe na watoto, kwa SGR. Baba akasema lazima aende kuwapokea, ndiyo mara yake ya kwanza kufika stesheni ile. Fikiria, safari za kuja hapa zimeanza Julai 2024, na gadi mzima wa reli hajawahi kwenda hata kutazama! Kila siku ana sababu. Ijumaa alivaa ile kofia yake, unaikumbuka, akamshika Tumaini mkono, na njia nzima alikuwa anamfundisha: Wajerumani walianza kutandika reli Dar es Salaam 1905, hapa Dodoma wakafika 1910, Kigoma 1914. Reli yetu ya zamani upana wake mita moja kamili, hii mpya mita moja na milimita 435. Tumaini akanyoosha mikono apime ndani ya gari, karibu ampige baba yake jicho.

Treni ikaingia kimya. Baba alikuwa ameinamisha kichwa kama anayesubiri kuitwa jina. Akauliza, "Imeshafika?" Tumaini akamwambia imeshasimama mbele yetu, ya umeme, inakwenda hadi kilomita 160 kwa saa. Daudi anasema toka Dar hata hawakumaliza saa nne, na wewe unajua sisi tulikuwa tunalala njiani na sufuria ya wali. Basi katikati ya shangwe ile nikamsikia Baba anamuuliza mtoto polepole, "Taa ile mbele kule ni ya rangi gani?" Nikadhani anampima. Nikatabasamu kabisa, Mama Subira. Nikasema moyoni, tazama Babu anavyomfundisha mjukuu.

Jumamosi tukaondoka saa kumi na moja alfajiri kwenda Kolo, kwenye michoro ya miambani. Ulikuwa mpango wa Baba mwenyewe. Ni kwao kule, wewe unajua, na alikuwa akiwaahidi wajukuu tangu wakati wa uviko kwamba atawaonyesha mapango aliyokuwa akijikinga mvua na mbuzi wa babu yake. Gari mbili, chapati, chupa mbili za chai, maji, karanga. Toka hapa ni kama kilomita 180, lami tupu, unapita Mayamaya, unapita Kondoa mjini, unafika. Pale Kolo tukalipa kiingilio, tukapewa kijana wa kutuongoza, mpole, anajua kazi yake. Toka kijijini kwenda kwenye kilima cha Mongomi njia ni ya mchanga na makorongo, ile gari ndogo ya Daudi ilibidi tuiache.

Halafu mnapanda kwa miguu. Mawe, miiba, jua limeshaanza kuuma. Na Baba ndiye aliyekuwa mbele! Sikutanii. Alikuwa anasema, "Hapa kuna jiwe kubwa, zungukeni kushoto," na jiwe lipo. "Hapa tunashuka kidogo," na tunashuka. Mume wangu akaniambia, mzee ana nguvu kuliko sisi. Mara moja tu alisita, pahali ambapo yeye alikumbuka korongo tupu, sasa pamejaa vichaka. Kijana akasema ni tangu wakati wa HADO, ule mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, mifugo ilipoondolewa huku mwaka 1979, miti ikarudi. Baba akaingiza mguu kwenye kichaka, akayumba, Tumaini akamdaka. Tukacheka, yeye akacheka, tukaendelea. Nikikumbuka kile kicheko nasikia vibaya.

Nikueleze na michoro yenyewe, maana na wewe lazima uje. Ni mwamba mkubwa umeinama kama paa, na chini yake ukutani kuna watu wekundu, warefu, wembamba kama mabua ya mtama, nywele zimesimama. Rangi ni ile ya udongo mwekundu, pahali pengine imefifia hadi lazima usimame pembeni kidogo ndipo mtu atokeze. Wasandawe ndio wanaohusishwa na hii ya zamani, wawindaji. Ile michoro myeupe myeupe ni ya baadaye, ya wakulima. Mary Leakey aliinakili 1951, na tangu 2006 eneo zima limo kwenye Urithi wa Dunia. Na si makumbusho tu: wazee wa Kirangi bado wanapanda pale kuomba mvua. Kuna mashimo pia, watu wanachimba chini ya miamba wakitafuta dhahabu wanayoamini Wajerumani waliificha. Iliniuma. Wengine humwagia michoro maji, eti ionekane vizuri kwenye picha, na kila ukimwagia inazidi kufa. Kijana akatuomba tusiguse hata kwa kidole.

Sasa sikia. Baba akasogea mbele, akawaita wajukuu wote wakae chini. Akanyoosha mkono. "Mnamwona yule? Mnyama mkubwa, ana nundu shingoni, pembe zimenyooka, ametazama kushoto." Sauti ile ya zamani, ya kutangaza stesheni. Watoto wakatazama. Mkono wake ulikuwa umeelekea kwenye jiwe tupu, Mama Subira. Jiwe kavu, lenye ukoka tu. Hakuna aliyesema neno. Tumaini akainuka, akasema taratibu, "Babu, siyo hapo."

Yule kijana kwa nia njema kabisa akasema, "Pofu yuko huku, mzee, upande huu." Basi Tumaini akamgeukia kwa hasira, machozi yanamlengalenga: "Usimwite babu yangu pofu!"

Kijana maskini ikabidi amweleze kwamba pofu ni mnyama, jamii ya swala, mkubwa kuliko wote, ndiye huyo aliyechorwa. Mke wa Daudi akacheka ili kupoza. Baba naye akacheka kidogo. Halafu akaketi juu ya jiwe, akavua kofia, akaiweka magotini, akanyamaza. Ndipo nikaelewa. Njia nzima alikuwa anapanda kwa kumbukumbu. Miguu yake ilikuwa inaijua njia, macho hayakuwemo. Na ile taa ya stesheni hakuwa anampima mtoto. Alikuwa anauliza.

Mtu aliyeishi miaka thelathini na kitu kwa bendera nyekundu na kijani!

Kushuka tulimshika mikono huku na huku, na hakukataa. Hilo ndilo lililonitisha zaidi. Jana tulipokwenda kumsindikiza Daudi stesheni alibaki nyumbani, akasema magoti yanauma.

Sikukwambia, mwezi wa tano nilimpeleka hospitali. Daktari akasema ni mtoto wa jicho, macho yote mawili, lenzi imeingia ukungu; inatolewa na kuwekwa ya bandia, na anaweza kuona tena vizuri. Baba akasema anashukuru, akachukua kofia, akatoka. Nyumbani akaniambia hakuna mtu atakayeingiza kisu kwenye jicho lake, na kwamba anaona vizuri tu, ni balbu za siku hizi hazina mwanga. Nikaamini! Anajua ngazi zetu ni ngapi, anajua kikombe chake kiko wapi, redio anaiwasha mwenyewe. Ningejuaje? Lakini ningepaswa kujua. Nalirudia hili kila usiku. Kwenye harusi ya Rehema alimsalimia Mama Upendo akidhani ni mimi, na nikalipuuza.

Jana jioni Tumaini alichora pofu kwenye karatasi kubwa kwa krayoni nyekundu, amekandamiza kweli kweli, akampelekea Babu kitandani. "Huyu unaweza kumgusa, Babu." Nilisimama mlangoni. Baba akapitisha kidole pole pole, toka mgongoni hadi kwenye pembe, akauliza kichwa kimeelekea wapi.

Basi ninachokuomba ni hiki. Mlete Baba Mkubwa. Yeye ametolewa mtoto wa jicho mwaka jana, na uliniambia mwenyewe alivyofunguliwa bandeji cha kwanza akauliza kwa nini ukuta haujapakwa rangi. Mimi Baba hanisikilizi, Daudi ndiyo kabisa. Kwa simu usihangaike, atasema "sawa, sawa" kisha atahamia Simba na Yanga. Lazima wakae wawili pale chini ya mwembe, wagombane kwanza kuhusu mafuriko ya stesheni ya Gulwe na nani alisahau taa, ndipo neno litaingia. Nauli ya treni natuma mimi, usianze ubishi wako.

Niambie: Baba Mkubwa walianza na jicho lipi? Aliumia? Alilala hospitali au alirudi siku hiyo hiyo? Zile dawa za matone alizitumia muda gani? Na ulimwambia nini hadi akakubali, au alikubali mwenyewe? Anaweza kusafiri peke yake, au Subira amsindikize shule zikifungwa? Bado hali chumvi? Anaweza kupanda ngazi zetu, au nimtandikie chumba cha chini? Unaonaje, nimwambie Baba kwamba anakuja, au tumwache asikie tu sauti yake mlangoni?

Nijibu wiki hii, hata kwa maneno mawili. Jumamosi nikienda sokoni nataka niwe najua ninanunulia watu wangapi.

Ndimi nduguyo wa kota za reli,
Mama Tumaini