Wi-Fi ya wageni hotelini ijengwe kama mabomba ya maji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako ili nizungumze na wenye hoteli na nyumba za wageni wa Unguja, hasa wa Mji Mkongwe, juu ya jambo ambalo kwangu ndiyo kazi ya kila siku, yaani mtandao wa intaneti wanaopewa wageni. Nimekuwa fundi wa mitandao kwa miaka 14, na mara nyingi naitwa kwenye hoteli ambayo mgeni ameondoka na hasira kwa kuwa Wi-Fi haikushika chumbani kwake. Hitilafu hazinisumbui, kwa sababu hitilafu hutengenezeka. Kinachonisikitisha ni kuona wengi bado wanaamini kuwa Wi-Fi ni kifaa cha kununua Darajani asubuhi na kukichomeka mchana, ilhali ni kazi ya ujenzi, yenye ramani yake, waya zake na milango yake ya kufungwa, sawasawa na mabomba ya maji.

Hivi karibuni niliitwa kwenye hoteli moja ya vyumba 18, nyumba ya kale ya ghorofa 3 yenye ua katikati na mgahawa juu ya paa. Mwenyewe alikuwa amenunua ruta, kifaa kinachogawa intaneti, ya bei kubwa yenye antena 6, akaiweka mapokezi, na malalamiko yalipozidi akaongeza vile vidude vinavyoitwa busta, kimoja kila ghorofa. Nilipofika saa 4 usiku niliwakuta wageni 5 wamekaa kwenye ngazi, kila mmoja na simu yake, maana hapo ndipo mawimbi yalipofika. Mmoja wao, mama wa makamo, alikuwa akiongea na mtoto wake kwa sauti ya chini sana, amejigeuza kuelekea ukutani ili asisikike na wenziwe. Mtu aliyelipia chumba hakupasa kutafuta faragha ngazini.

Tatizo la nyumba ile halikuwa udogo wa ruta. Nyumba zetu zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na kuta zake aghalabu zina unene wa nusu mita au zaidi, tena hunywa unyevu wa bahari. Mawimbi ya masafa ya gigahezi 5, ambayo ndiyo yenye kasi, huchoka kwenye ukuta wa kwanza. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya kidogo zaidi, lakini humo mna njia 3 tu zisizogongana, ya 1, ya 6 na ya 11, na katika vichochoro ambamo hoteli zinatazamana dirisha kwa dirisha, kila ruta hulazimika kungoja jirani yake amalize kusema. Busta nazo huongeza msongamano huo huo: nyingi husikiliza na kurudia kila neno kwa redio ile ile moja, hivyo kasi hupungua karibu nusu, na busta inayotegemea busta nyenziwe humpa mgeni alama nzuri iliyojaa kwenye simu, na ndani yake hakuna kitu.

Dawa ni waya. Waya wa mtandao hubeba mawasiliano kwa mita 100 bila kulegea, na waya huo huo unaweza kupeleka umeme wa kukilisha kisambazaji kidogo cha mawimbi kilichofungwa kwenye dari, kwa hiyo huhitaji soketi juu kule. Katika nyumba zenye kuta kama hizi, visambazaji vingi vidogo vyenye nguvu ya wastani, pengine kimoja kwa kila vyumba 2, hufanya kazi vizuri kuliko kimoja kikubwa kinachopiga kelele kutoka mapokezi, na bei ya kimoja kilicho kizuri haifiki ile ya kiyoyozi. Najua waya una mashaka yake hapa. Mji Mkongwe umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2000, na si ruhusa kutoboa kuta ovyo au kutundika vyombo usoni mwa nyumba. Tunapitisha waya kando ya boriti, nyuma ya ngazi, au katika njia ya mabomba ya zamani, na panapobidi kugusa ukuta, Mamlaka ya Mji Mkongwe iulizwe kwanza. Fundi asiyetaka usumbufu huo atakuuzia busta.

Lipo kosa jingine dogo ambalo nimelikuta mara nyingi mno kiasi kwamba nashindwa kulinyamazia. Kila kifaa kikijiunga na mtandao hupewa na ruta namba yake, inayoitwa anwani. Ruta ya kawaida hutoa anwani zisizozidi 253 au 254, na nyingi huja zimepangwa kumwekea kila mtu anwani ya kifaa chake kwa saa 24 hata kama ameshaondoka. Hoteli ya vyumba 18 yenye wageni wawili wawili, kila mmoja na vifaa 2 au 3, tayari ina vifaa kama 100. Ongeza wafanyakazi, ongeza waliokuja kwa chakula cha mchana, ongeza waliopanda juu ya paa kutazama jua likizama, na kufikia magharibi anwani zimekwisha. Mgeni mpya ataunganishwa lakini hakuna kitakachofunguka, na mhudumu wa mapokezi, ambaye hana kosa lolote, atamwambia azime simu aiwashe tena. Kupunguza muda wa anwani hadi saa 2 na kupanua idadi yake ni kazi ya dakika chache, na hakuna cha kununua. Vilevile kila kifaa kiwekewe kikomo cha kasi, kwa kupakua na kwa kupakia pia, maana mgeni mmoja ambaye simu yake inahifadhi picha 1,000 za siku nzima anaweza kuziba njia ya wote bila yeye mwenyewe kujua.

Hayo ni ya kushika na kutoshika. Yaliyonifanya nishike kalamu ni ya usalama.

Katika hoteli ile ile, baada ya kuombwa na mwenyewe nikague kila kitu, niliunganisha simu yangu kwenye Wi-Fi ya wageni kwa nywila iliyobandikwa ukutani, ile ambayo kila aliyewahi kunywa kahawa pale anaijua. Kwa programu ya bure ya kuorodhesha vifaa niliona printa ya ofisini, kompyuta ya mapokezi, mashine ya kadi, na kinasa picha cha kamera za ulinzi ambacho bado kilikuwa na nywila ya kiwandani, ile iliyochapishwa katika kijitabu chake. Katika kompyuta ya mapokezi palikuwa na jalada lililoachwa wazi ili meneja alifungue kutoka chumbani kwake, na ndani yake zilikuwamo nakala za pasipoti za wageni wa miezi kadhaa. Nililifunga palepale na nikamwita mwenyewe aje aone. Alikaa kimya kwa muda, kisha akaniuliza ni watu wangapi wamewahi kuliona, na sikuwa na jibu la kumpa, kwa kuwa ruta yake haikuweka kumbukumbu yoyote.

Mgeni anapotukabidhi pasipoti yake hafanyi hivyo kwa kuwa anatujua. Anafanya kwa kuwa hana budi. Hiyo ni amana, na watu wa visiwa hivi hatuhitaji kufundishwa amana ni nini. Isitoshe, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, imekwisha kuweka msingi kwamba taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo maalumu, zisizidi kinachohitajika, na zilindwe. Ndiyo maana nasikitika pia ninapoona hoteli inamtaka mgeni ajaze jina, barua pepe, namba ya simu na tarehe ya kuzaliwa ili tu apewe intaneti, hali jina lake limo tayari katika daftari la mapokezi.

Wapo watakaosema kwamba sisi ni wadogo, nani atatuhangaikia. Mwezi Novemba 2014 kampuni ya usalama ya Kaspersky ilieleza kwa kirefu kuhusu kundi lililopewa jina Darkhotel, ambalo kwa miaka lilikuwa likiingilia mitandao ya hoteli, hasa barani Asia. Mgeni akijiunga na Wi-Fi ya hoteli aliletewa ujumbe wa kumtaka asasishe programu anayoifahamu, naye akikubali alikuwa ameingiza mdudu kwenye kompyuta yake. Kundi lile lilikuwa likiwafuata wageni wakubwa wa biashara, na hoteli yenyewe ilikuwa mlango tu. Waziri, mfanyabiashara au daktari anayekuja kupumzika Nungwi au Paje hulala katika hoteli ndogo kama zetu.

Kinga yake inajulikana na haina miujiza. Mtandao ugawanywe angalau sehemu 3 zisizoonana: wa wageni, wa ofisi pamoja na mashine za kadi, na wa kamera na vifaa vingine. Ruta na swichi za kazi, yaani visanduku vinavyounganisha waya, zinaweza kufanya hivyo juu ya waya zile zile. Katika mtandao wa wageni, kifaa cha mgeni mmoja kisiweze kukiona cha mwenziwe. Nywila zote za kiwandani zibadilishwe siku ya kwanza, na programu za ndani za ruta zisasishwe, kwa sababu udhaifu hugunduliwa hata katika vitu tulivyoviamini: WPA2, usimbaji unaoficha mawasiliano ya Wi-Fi, ulioanza mwaka 2004 na ambao bado unatumika kwingi, ulipatikana na kasoro kubwa mwaka 2017, na waliosasisha vifaa vyao ndio waliopona. Panapowezekana itumike WPA3, iliyokuja baada yake. Mtandao usiachwe wazi bila nywila, na nywila isiwe moja ya maisha. Yapo mashine yanayotoa neno la siri la kila mgeni linalokufa siku anayoondoka. Jina kamili la mtandao liandikwe kwenye kadi ya chumba, ili mtu akifungua mtandao wake nje kwa jina linalofanana, mgeni apate pa kulinganisha.

Juu ya kutokatika sina mengi. Umeme wetu hutoka Bara kwa waya wa chini ya bahari, na sote tuliokuwapo tunaikumbuka miezi 3 ya giza iliyoanza Desemba 2009, ingawa hali ya sasa ni nafuu. Jenereta huchukua sekunde kadhaa kuwaka, na sekunde hizo zinatosha kuzima ruta na kumkatia mgeni mkutano wake, kwa hiyo UPS, yaani betri ya akiba, ya ruta na swichi si anasa. Kuhusu laini ya pili ya akiba, tarehe 12 Mei 2024, EASSy na Seacom, mikongo ya intaneti ya chini ya bahari, ilipokatika kwa pamoja, hoteli zilizokuwa zikijivunia laini 2 kutoka kampuni 2 ziligundua kwamba zote zilipita baharini mahali pamoja. Kabla ya kulipia laini ya pili, iulize kampuni inapitia mkongo gani.

Naiomba Kamisheni ya Utalii, inapokagua hoteli, iulize juu ya utenganisho wa mtandao kama inavyouliza juu ya mitungi ya kuzimia moto. Nakiomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ambacho hufundisha utalii pale Maruhubi, kiwape wanafunzi wa mapokezi saa chache za somo hili, kwani wao ndio wanaotukanwa na mgeni usiku, na wao ndio wanaobandika nywila ukutani kwa nia njema.

Na mwenye hoteli anayesoma barua hii aanze leo bila kumwita fundi. Saa 3 usiku, vyumba vikiwa vimejaa, apande hadi chumba cha mwisho cha ghorofa ya juu, afunge mlango na ampigie mtu simu ya picha. Kisha, akiwa bado katika mtandao wa wageni, ajaribu kufungua anwani ya kamera zake mwenyewe. Ikifunguka, azitoe kamera na kompyuta ya mapokezi katika mtandao huo usiku ule ule, asingoje asubuhi.

Wako,
Fundi wa mitandao,
Mkunazini, Zanzibar.
(Jina nimemwachia Mhariri.)