Gari la kulala safarini nalo lipite mizani

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo ambalo sisi mafundi wa matairi tunakutana nalo kila siku na tunalinyamazia, nalo ni kujaza upepo kwenye gari ambalo uzito wake haujulikani kwa mwenye gari, kwa dereva, wala kwetu wenyewe tulioshika geji. Nitatumia mfano wa gari lililogeuzwa kuwa nyumba, kwa kuwa ndilo lililonifunza, na nimelipia somo hilo.

Zamani magari ya namna hii tuliyaona kwa wageni tu, wale wanaopita Masasi kuelekea Mtambaswala ili wavuke Daraja la Umoja kwenda Msumbiji. Siku hizi wenyeji nao wanayo. Shemeji yangu ni fundi wa mashine za kusaga, na kazi yake humzungusha kuanzia Kilwa hadi Newala. Alipochoka kulipia nyumba za kulala wageni alinunua basi dogo kuukuu aina ya Coaster, akang'oa viti, akaweka kitanda, jiko la gesi, friji, betri mbili kubwa na tangi la maji la lita 200, kisha vipuri na vyuma vyake vya kazi akavipanga nyuma kabisa, karibu na mlango wa mizigo. Matairi nilimfungia mimi, na upepo nilijaza mimi, kwa kipimo nilichozoea na kwa kuligonga tairi kwa nondo nikisikiliza mlio.

Safari ya tatu, akitoka Kilwa, tairi la nyuma upande wa kushoto, lile la ndani kati ya mawili yaliyofungwa pamoja, lilipasuka kati ya Mbwemkuru na Mchinga. Hakuna aliyeumia. Nilipolifungua nilikuta ndani yake unga mweusi wa mpira, na kila fundi anajua maana ya unga huo: tairi lilikimbia muda mrefu likiwa na upepo mdogo kuliko mzigo wake, ubavu ukawa unajikunja na kujikunjua katika kila mzunguko, joto likapanda, hatimaye nyuzi zikaachana. Tairi halibebi gari kwa mpira wake. Linalobeba ni upepo uliomo ndani, na kiasi cha upepo hakiwezi kujulikana kabla uzito haujajulikana.

Tuliomba ruhusa kwenye ghala moja lenye mizani ya jukwaa. Shemeji alijaza tangi la maji na la dizeli, akapakia kila kitu anachosafiri nacho, pamoja na utingo wake, kwa sababu kupima gari tupu ni kujidanganya. Tulipanda kwanza na magurudumu ya mbele peke yake, kisha gari zima, kisha magurudumu ya nyuma. Ekseli ya mbele, yaani mhimili wa magurudumu ya mbele, ilikuwa na kilo 1,740, ya nyuma kilo 3,800, jumla kilo 5,540. Hadi hapo shemeji alikuwa anatabasamu. Ndipo nikamwomba asogee ili magurudumu ya kushoto peke yake yawe juu ya jukwaa na ya kulia yabaki kwenye sakafu iliyo sawa na jukwaa hilo, nasi tukapima ekseli moja moja kwa upande. Nyuma kushoto kulikuwa na kilo 2,140, kulia kilo 1,660. Tofauti ya kilo 480 kwenye ekseli moja! Tangi la maji, friji, mtungi wa gesi na betri vyote vilikuwa vimepangwa kushoto, kwa sababu tu mlango uliobaki wazi upande ule ulimrahisishia seremala kazi.

Matairi yake yameandikwa 118/114 ubavuni. Namba ya kwanza ina maana kwamba tairi likifungwa peke yake linabeba hadi kilo 1,320, na ya pili kwamba likifungwa pacha, yaani mawili upande mmoja kama nyuma ya Coaster, linabeba hadi kilo 1,180, tena likiwa na upepo kamili uliowekwa na kiwanda chake. Kila tairi la kushoto lilikuwa linabeba kilo 1,070, yaani lilikuwa karibu na kikomo, nami nilikuwa nimelijazia upepo sawa na wa gari lenye mzigo mdogo. Isitoshe, katika matairi pacha lile la ndani likipungua upepo hulioni, kwa kuwa mwenzake hulificha, na valvu yake ni shida kuifikia.

Jambo la vipuri nalo linastahili kuelezwa, maana wengi hudhani mzigo ni mzigo popote unapowekwa. Vile vyuma vilikuwa na kilo 200 na vilikaa mita 1 nyuma ya ekseli ya nyuma, kwenye gari ambalo umbali baina ya ekseli zake ni karibu mita 4. Mzigo unaoning'inia namna hiyo hufanya kazi kama upande mmoja wa pembea: ekseli ya nyuma huongezewa karibu kilo 250, si 200, na ile ya mbele hupunguziwa karibu 50. Ndiyo maana shemeji alikuwa akilalamika kwamba usukani umekuwa mwepesi mno anaposhuka mlima wa Newala.

Nimesikia hoja kwamba mizani ni ya malori. Ni kweli kwamba Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo nchi yetu ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, inahusu magari ya kuanzia kilo 3,500, na kwamba ekseli moja yenye matairi pacha inaruhusiwa hadi tani 10. Lakini sheria hiyo inalinda barabara. Coaster ya shemeji, yenye tani 3.8 nyuma, ingepita bila kuulizwa swali, na tairi lake lingepasuka vilevile. Sisi watu wa Kusini tumepigana na kangomba, ule ununuzi haramu wa korosho, miaka mingi kwa sababu hatukubali korosho yetu ipimwe kwa bakuli, ila gari linalobeba watoto wetu tunalipima kwa macho.

Tulihamisha tangi kulia na vipuri tukavileta chini ya kitanda, katikati ya ekseli mbili, kisha tukarudi mizani. Nyuma kushoto sasa kilo 1,850, kulia kilo 1,800, mbele kilo 1,890. Nilitafuta upepo katika jedwali la kiwanda cha matairi kwa kufuata upande ulio mzito zaidi wa kila ekseli, nikaweka pande zote mbili za ekseli sawa. Namba kubwa ya upepo iliyoandikwa ubavuni sikuifuata, kwa kuwa hiyo ni ya tairi lenye mzigo wake wa juu kabisa, na kibandiko cha upepo cha mlangoni kilikuwa cha Coaster yenye viti. Upepo hupimwa alfajiri kabla gari halijatembea. Dereva anayeupunguza njiani kwa sababu geji imepanda mchana wa jua anaharibu, maana tairi likipoa atakuwa amesafiri na upepo pungufu.

Ombi langu kwa TANROADS, wakala wa barabara wenye mizani hizo za malori, ni kwamba mwenye gari dogo au gari la kulala anayefika kwa hiari yake kwenye mizani za Lindi na Mtwara apimwe ekseli moja moja na apewe karatasi, hata kwa ada ndogo, katika saa ambazo foleni ya malori ya korosho imepungua. Wenye maghala yenye mizani ya jukwaa wangeweza kusaidia zaidi, kwa sababu huko ndiko inakowezekana kupima kila upande, na msimu ukiisha mizani hizo hukaa bila kazi. Kwa mafundi wenzangu, naomba tuulize karatasi hiyo kabla ya kuwasha kompresa. Ya shemeji imebandikwa ndani ya mlango wa dereva, na chini ya uzito wa kila ekseli nimeandika upepo wake kwa kalamu ya rangi.

Wako,
Fundi matairi,
Mtwara Mjini