Lenzi Haijaharibika, Ni Hewa ya Saa Saba Mchana

Jumatatu moja mteja alirudisha dukani kwetu lenzi aliyokodi, ya milimita 150–600 (namba ikiwa kubwa, inavuta vya mbali zaidi), akaiweka juu ya kaunta kama mtu anayerudisha maziwa yaliyochacha. "Hii haishiki fokasi," akasema. Alikuwa ametoka Serengeti na familia yake, siku nne, na simba karibu wote aliowapiga walikuwa kama wamechorwa kwa rangi ya maji.

Tukatoka naye hadi mlangoni, tukailenga lenzi kwenye bango la duka la vipuri ng'ambo ya barabara. Ukiikuza ile picha unasoma mpaka namba ya simu ya fundi aliyechora bango. Basi tukarudi ndani, tukafungua picha zake kwenye kompyuta na kuangalia saa zilipopigwa. Saa 7:42 mchana. Saa 8:10 mchana. Saa 6:55 mchana. Zilikuwepo chache za saa 1 asubuhi, na hizo unahesabu sharubu za simba.

Malalamiko haya tunayapokea sana hapa Arusha, na mara nyingi kosa si la lenzi wala la mpigaji. Ni mazigazi. Umewahi kuona lami mbele yako inang'aa kama ina maji, ukifika hakuna kitu? Jua likishachemsha ardhi, hewa ya moto hupanda na kuchanganyika na iliyopoa, na mwanga unaopita humo hupindishwa huku na huku. Kwa macho huoni tabu. Ila lenzi ndefu inapomkuza simba, inaikuza na hewa yote iliyo kati yako na yeye. Kitufe cha kuzuia mtikisiko hakisaidii, maana kinatuliza mkono wako, hakitulizi hewa. Kasi ya shata, yaani kipazia cha kamera kinachofunguka kuingiza mwanga, haisaidii. Hata lenzi ya mamilioni inatazama kupitia hewa ileile.

Ngorongoro ndiko wateja wanakoumia zaidi. Faru wa kule bonde la kreta mara nyingi anakaa mbali na barabara, na gari haliruhusiwi kuacha njia kumfuata. Kwa hiyo mtu anakodi lenzi kubwa kuliko zote kwa ajili ya faru, anamwona saa 6 mchana, anapata doa la kijivu linalotetemeka. Tunakwambia mapema ili usije kutulaumu: faru wa mbali wa mchana mtazame kwa darubini, ufurahi, uendelee na safari.

Dawa ni kuwahi na kusogea. Malango ya hifadhi hufunguliwa saa 12 asubuhi, na saa mbili za mwanzo zina thamani kuliko mchana mzima. Kulala ndani ya hifadhi, hata kwenye kambi ya hema ya bei nafuu, kutakusaidia kuliko kukodi lenzi ndefu zaidi. Kusogea nako kuko mikononi mwa dereva. Mwambie siku ya kwanza, kabla hamjaondoka, kwamba unapiga picha: "Kaka, ukisimama naomba jua liwe mgongoni kwetu, na uzime gari." Hilo la kuzima gari watu wanalisahau. Injini ya dizeli ikinguruma, gari zima linatikisika, na kwa milimita 600 mtikisiko huo unauona kwenye kila unywele. Kama mmechangia gari na wengine, waombe watulie kwa sekunde kumi. Watoto ni mtihani mwingine, huo siwezi kukusaidia.

Asubuhi ya baridi kule juu ya ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, kuna mtego mwingine. Gari lina joto ndani, unafungua dirisha, na hewa ya moto inatoka mbele ya lenzi yako. Unakuwa umejitengenezea mazigazi yako mwenyewe. Fungua madirisha mapema, joto lilingane.

Tripodi, ile miguu mitatu ya kamera, iache nyumbani, ndani ya gari haina pa kukaa. Kila lenzi ndefu tunaikodisha pamoja na mfuko mtupu wa turubai. Ujaze maharage kilo mbili sokoni, au mchele ukipita Mto wa Mbu, uulaze kwenye ukingo wa paa lililofunguliwa, lenzi ilale juu yake. Lenzi yenyewe ina karibu kilo 2, na mkono ukishachoka haudanganyi.

Shata: 1/1000 ya sekunde kwa mnyama anayetembea, 1/2000 au zaidi kwa ndege na duma anayekimbia. Acha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande. Picha yenye chembechembe inasafishika, iliyotikisika haina tiba. Chagua nukta moja ya fokasi na uiweke kwenye jicho, la sivyo kamera itashika majani yaliyo mbele ya simba, nawe utakuwa na picha nzuri sana ya majani.

Na si lazima ukodi ile kubwa. Tunasema hivi ingawa ndiyo inayotuingizia zaidi. Tarangire tembo wanapita karibu na gari kiasi kwamba kwa milimita 600 unapata sikio tu. Kwa wengi wenu lenzi ya 100–400 inatosha, na ni nyepesi. Kubwa tunawashauri wanaofuata ndege. Usibadilishe lenzi garini wakati vumbi linatimka. Ifunike kwa kanga mpaka msimame.

Njoo siku moja kabla ya safari na kamera yako mwenyewe, tuijaribu pamoja kwenye lile bango la vipuri, kila mtu aridhike.

Yule mteja alirudi Desemba. Safari hii alichukua 100–400 na mfuko. Lenzi aliirudisha salama, na picha ya chui juu ya mgunga aliyopiga saa 12:50 asubuhi ametuachia tuiweke ukutani. Mfuko aliurudisha mtupu. Maharage, anasema, waliyapika Karatu usiku wa mwisho.