Unanunua upanga wa kwanza wa Kijapani? Piga hesabu ya kutu kwanza

Picha zinazotufikia zaidi kutoka kwa wanaoanza ni tatu: upanga ukiwa ndani ya ala, mpini wenye kamba zilizochakaa, na kipande cha bapa chenye madoa ya kutu. Swali nalo halibadiliki sana: muuzaji anataka dola 1,200, je, ukisafishwa hautafika elfu tano? Mara nyingi utafika kweli, ila kwa upande wa gharama.

Tuchukue katana ya kawaida yenye bapa la sentimita 68, sawa na inchi 27 hivi. Kulirudisha bapa hilo katika hali yake ni kazi ya mnoaji aliyesomea, Wajapani humwita togishi, naye hutoza kwa urefu. Kwa mnoaji anayeaminika tenga dola 100 hadi 150 kwa kila inchi, yaani dola 2,700 hadi 4,000 kwa upanga mmoja. Bapa lililonolewa upya halirudishwi kwenye ala ya zamani iliyojaa vumbi na chembe za kutu, kwa hiyo utahitaji shirasaya, ala ya mti wa honoki isiyopakwa rangi: dola mia kadhaa. Habaki, kile kipete cha shaba kinachokaza shingo ya upanga kwenye mdomo wa ala, kikiwa kimelegea hutengenezwa upya: mia kadhaa nyingine. Ongeza usafirishaji wa kwenda na kurudi, na bima. Foleni ya mnoaji mzuri inaweza kupita mwaka. Kwa fedha hizo ungenunua leo katana iliyokwisha kunolewa na yenye cheti.

Tena hapo tumechukulia kwamba chini ya kutu kuna upanga mzima, jambo ambalo picha haziwezi kukuthibitishia. Kosa linaloua thamani kuliko yote ni hagire, ufa mwembamba kama unywele unaoanzia kwenye makali na kupanda juu, ukikata hamon, ule mstari wa mawimbi unaotenganisha makali magumu na sehemu laini ya bapa. Kutu huuficha ufa huu kabisa. Mnoaji akifika kwenye mawe ya katikati ndipo unajitokeza, na kufikia hapo umeshalipa. Lingine ni upanga uliowahi kuungua. Moto wa nyumba au wa vita hulegeza chuma, hamon ikapotea, na mtu baadaye akaupasha na kuuzamisha majini upya ili auuze. Wajapani huuita saiha. Una umbo la upanga wa karne nyingi, lakini wakusanyaji wengi hawatautaka.

Kwa nini kunoa ni ghali hivyo? Kwa sababu si kung'arisha. Togishi hupitia mawe mengi, kutoka jiwe la kukwaruza hadi vipande vya jiwe vyembamba kama karatasi vinavyosuguliwa kwa ncha ya kidole gumba, na mafunzo yake huchukua takriban miaka 10. Akimaliza unaona hada, yaani mistari ya chuma kilichokunjwa, kama ubao wa mninga uliopigwa randa vizuri. Kila anaponoa, chuma kinapungua. Panga nyingi zina ngozi ya chuma kigumu iliyofunika kiini cha chuma laini, na ngozi hiyo ikiisha kiini hujitokeza kama madoa yaliyofifia. Upanga wa namna hiyo wakusanyaji husema umechoka, na hakuna mnoaji wa kuuchangamsha.

Ndiyo maana tunakasirika, kusema kweli, tukiona mtu amepitisha msasa au mashine ya gurudumu kwenye bapa la miaka 300. Ukingo unaopita ubavuni mwa bapa kati ya makali na mgongo, shinogi, unakuwa mviringo. Mstari unaotenga ncha na bapa, yokote, unafutika. Kuurudisha mchoro huo, togishi analazimika kuondoa chuma zaidi ya kile ambacho kutu ingekula katika miaka mingi.

Basi ununue nini? Ushauri wetu kwa upanga wa kwanza ni mmoja: wakizashi ya zama za Edo (1603 hadi 1868), iliyonolewa, yenye cheti cha Hozon, ngazi ya chini ya vyeti vya wakaguzi tutakavyovieleza mbele. Wakizashi ni upanga wa urefu kati ya shaku 1 na shaku 2, yaani sentimita 30.3 hadi 60.6. Ukizidi hapo ni katana, ukipungua ni tanto. Samurai alivaa mbili, ndefu na fupi, na watu wa mjini wasio samurai waliruhusiwa ile fupi, kwa hiyo zilizobaki ni nyingi na bei yake ni ya kibinadamu. Kwa wauzaji wa Japani, wakizashi yenye Hozon hupatikana kwa kama dola 1,500 hadi 3,000, wakati katana ya ubora huohuo huanzia elfu nne au tano. Kazi ya mhunzi ni ileile, chuma ni kilekile. Utajifunza kuisoma hamon kwa nusu ya bei.

Kuhusu umri, majina utakayokutana nayo ni haya: koto, panga za kabla ya 1596, shinto, kuanzia hapo hadi miaka ya 1780, shinshinto, hadi 1876 serikali ya Meiji ilipopiga marufuku kuvaa panga hadharani. Usikimbilie koto kwa sababu tu ni kongwe. Shinto iliyo nzima ni bora kuliko koto iliyochoka. Panga za maofisa wa Vita vya Pili vya Dunia ni soko lake peke yake, na nyingi zilitengenezwa kwa njia ya kiwandani, zikapozwa kwa mafuta badala ya maji na kupigwa muhuri mdogo kwenye msuka. Hizo haziandikishwi Japani, kwa hiyo usiwaze kuzipeleka huko kunolewa. Ila usihukumu kwa ala ya kijeshi pekee, kwani wapo maofisa waliovika ala hiyo upanga wa babu zao.

Hapo kwenye msuka tukae kidogo, maana ndipo ukweli ulipo. Msuka, kwa Kijapani nakago, ni ile sehemu isiyonolewa inayoingia ndani ya mpini. Muuzaji asiyetaka kuvua mpini, achana naye. Kuuvua ni kazi ya dakika moja: kijiti cha mwanzi kinachoshika mpini ni chembamba upande mmoja, basi kigonge kwa nyundo ndogo kuanzia upande huo mwembamba kitoke. Shika mwisho wa mpini kwa mkono wa kushoto, bapa likiwa limesimama na kuinama kidogo, kisha piga kifundo cha mkono huohuo kwa ngumi ya kulia, taratibu, mara mbili tatu. Bapa litaruka kidogo juu. Lishike kwenye habaki, ulitoe. Likigoma usilazimishe, na wala usigonge ncha ya msuka kwa nyundo.

Msuka wa miaka mia tatu ni wa kahawia iliyoiva hadi kukaribia weusi, na kutu yake ni laini, imekaa sawasawa, haiachi unga kidoleni. Rangi ya machungwa na vipele ni kutu ya juzi, au ya tindikali. Tafuta mistari ya tupa, yasurime, kwa sababu kila shule ya wahunzi ilikuwa na mwelekeo wake. Hesabu matundu: mawili au matatu mara nyingi huonyesha upanga ulifupishwa ili umfae mmiliki mwingine, na ukifupishwa sana sahihi hukatwa pamoja na chuma. Hilo si kosa. Panga nyingi za thamani kubwa hazina sahihi. Kosa ni kuusafisha msuka. Kutu ile ndiyo cheti cha kuzaliwa cha upanga, na brashi ya waya huichana kwa dakika 5.

Sahihi yenyewe iogope kidogo. Kughushi jina la mhunzi mashuhuri, gimei, ni biashara ya karne nyingi huko Japani. Nagasone Kotetsu, mhunzi wa jiji la Edo (Tokyo ya leo) katika karne ya 17, ameghushiwa kiasi kwamba Wajapani wenyewe huambizana ukiona jina Kotetsu udhani ni bandia hadi ithibitishwe vingine. Na ukiletewa katana ya dola elfu mbili iliyochongwa "Masamune", jina la mhunzi mashuhuri kuliko wote wa Japani, funga mazungumzo kwa adabu.

Sasa vyeti, mahali ambapo wageni hupotea zaidi. Kuna karatasi mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni torokusho, kadi ya usajili inayotolewa na bodi ya elimu ya mkoa. Inaruhusu upanga kumilikiwa ndani ya Japani, basi. Inataja urefu, mpindo, idadi ya matundu na sahihi kama ilivyosomeka, bila kuthibitisha kwamba sahihi ni ya kweli. Upanga ukitoka Japani kadi hiyo hurudishwa, kwa hiyo ukionyeshwa torokusho halisi pamoja na upanga ulioko Dubai au London, uliza maswali magumu.

Ya pili ndiyo unayoilipia: cheti cha wakaguzi. Kinachotambulika zaidi ni cha NBTHK, chama cha kuhifadhi panga za sanaa za Kijapani kilichoanzishwa 1948, chenye makumbusho ya panga mtaa wa Ryogoku, Tokyo. Ngazi zake kutoka chini ni Hozon, Tokubetsu Hozon, Juyo na Tokubetsu Juyo. Ngazi mbili za chini zilianza 1982 kuchukua nafasi ya vyeti vya zamani, na vile vya zamani, hasa vya rangi ya kijani, wakusanyaji hawaviamini kwa majina makubwa. Cheti kina picha ya msuka. Iweke kando ya msuka ulio mbele yako na ulinganishe mahali pa tundu, kila mkwaruzo wa sahihi, na umbo la ncha. Cheti halali kilichopachikwa kwenye upanga mwingine ni hila ya kawaida.

Kwa upanga wa mbali, omba picha hizi kabla ya kuzungumza bei: bapa lote likiwa uchi pande zote mbili, msuka mzima pande zote mbili, ncha kwa karibu, na vipimo vya urefu, mpindo, upana wa shingoni na wa karibu na ncha, na unene. Kisha omba video, taa moja tu ya balbu, chumba kikiwa na giza, bapa likigeuzwa polepole mbele ya mwanga. Hamon ya kweli chini ya taa hiyo hufunguka: unaona chembe zinazometameta kama mchanga mkavu, au ukungu mwembamba. Ile iliyochorwa kwa tindikali hubaki nyeupe bapa, kama imepakwa chokaa. Kwenye video hiyohiyo fuatilia hamon hadi nchani. Kwa kawaida huizunguka ncha na kugeuka kuelekea mgongoni. Ikitoweka makalini kabla ya hapo, huenda ncha ilivunjika ikachongwa upya, na thamani imeanguka nayo. Vidonda vidogo vya makali, mipasuko midogo ya makunjo ya chuma, hivyo vinavumilika kama bei imevizingatia.

Panga zenye ala za mfupa au pembe za ndovu zilizochongwa maua na watu, achana nazo pia. Nyingi zilitengenezwa mwishoni mwa karne ya 19 kwa ajili ya watalii, ndani mna chuma kisicho na kitu, na pembe za ndovu zitakukwamisha mpakani.

Muuzaji wa Japani ndiye anayeomba kibali cha kuutoa upanga, kutoka Shirika la Mambo ya Utamaduni la serikali. Tegemea kusubiri wiki kadhaa, na anayekuambia atautuma kesho anakudanganya au anavunja sheria. Kabla ya kulipa, wewe nawe uliza polisi na forodha wa nchi yako kwa maandishi. Uingereza, kwa mfano, tangu 2008 inakataza panga zilizopinda za sentimita 50 na zaidi, lakini inaachia zilizotengenezwa kabla ya 1954 au kwa njia za jadi, kwa hiyo hapo cheti kinakuwa pia ulinzi wako. Kwenye ankara, upanga uliopita miaka 100 uandikwe kama kitu cha kale, kifungu 9706 cha orodha ya forodha, si silaha ya kifungu 9307. Na bei iandikwe ya kweli. Ukiandika dola 100 kukwepa kodi, kifurushi kikipotea bima italipa hizo hizo 100.

Ukifika, utahitaji mafuta. Yale ya Kijapani huitwa choji, na choji ni karafuu. Hata aina moja ya hamon inaitwa hivyo kwa kufanana na vitumba vya karafuu, zile ambazo msomaji wa Pemba hahitaji kuelezwa. Lakini usichukue mafuta halisi ya karafuu ya dukani ukayapaka. Ya upanga ni mafuta mepesi yaliyotiwa tone la karafuu, na mafuta safi ya cherehani yanafanya kazi ileile. Chomoa upanga makali yakiwa juu, usiguse bapa kwa vidole, wala usiongee ukiwa umeliinamia, maana tone la mate linatosha kuacha doa. Futa mafuta ya zamani kwa tishu na spiriti ya asilimia 99, kutoka habaki kuelekea ncha, tishu ikiwa imekunjwa upande wa mgongo. Paka mapya kidogo kabisa. Yakikusanyika matone umezidisha, na yatanyonywa na ala. Sehemu kavu, kila miezi 3 inatosha. Mombasa, Tanga, Unguja na Dar, kwenye unyevu na upepo wa chumvi, fanya kila mwezi, na kwa miezi ya kwanza baada ya kunolewa, kila wiki mbili. Tishu ikitoka na rangi ya kahawia usisugue zaidi. Piga picha ya mahali hapo, paka mafuta, ututumie.