Lori la siku hizi halikuamshi, mwanangu

Mwanangu mpendwa,

Shikamoo yako kaka yako ameifikisha, marahaba. Sisi hatujambo. Mama yako goti bado linamsumbua akipanda ngazi, ila anatembea. Aliniambia nikuandikie maneno mawili tu ya kukutakia heri, nisikutie hofu. Nimejaribu, imeshindikana.

Nimesikia umepangiwa zamu za usiku. Nimesikia kwa watu, si kwako, na hilo nalisema mara moja tu: baba uliyemkuta kwenye usukani, na akastaafu kwenye usukani, alistahili kuambiwa wa kwanza. Basi, yaishe. Kazi umeipata kwa haki yako. Siku ya mtihani ulirudisha tela kinyumenyume mpaka kwenye alama bila kusogea mbele kujirekebisha hata mara moja, na wale waliokuja kukutazama ushindwe waliondoka kimya. Wazee wenzangu wote nimewaeleza.

Kinachonikosesha raha ni lile neno ulilomwambia kaka yako alipokuuliza kama usiku haukuogopeshi. Ulimjibu, "Mbona baba alikuwa anakesha siku mbili na yupo?" Neno hilo umeliokota kwetu, sisi wazee tukikaa tukaanza kukumbuka magari yetu. Hadithi zenyewe unazo, sina haja ya kuzirudia. Nataka nikupe yale ambayo huwa hatuyasemi.

Lori tulilokesha nalo sisi silo utakalopewa wewe. Usijipime na sisi kwa kukesha, maana magari yale yenyewe yalikuwa hayakuachi ulale. Injini imekaa humo humo ndani ya kabini, kati ya dereva na utingo, imefunikwa bati na juu yake turubai kuukuu. Joto lake linapanda kwenye mguu wa upande ule mpaka unakunja suruali. Ukitaka kusema na mwenzako unapaza sauti. Usukani hauna pawa, kwa hiyo ukikata kona na mzigo unanyanyuka nusu ya kiti na bega ndilo linalozungusha. Na gia, hapa ndipo penyewe. Ilikuwa ukitaka kushusha gia mlimani unakanyaga klachi, unaitoa kwenye nyutro, unaachia klachi, unapiga resi kidogo ili injini ilingane na gia ya chini, unakanyaga tena, ndipo unaingiza. Ukipatia, fimbo inaingia bila kuisukuma. Ukikosea, inakwaruza mpaka utingo anafumba macho. Ukikosa tena gari linasimama, na likianza kurudi nyuma utingo anaruka chini na gogo lake kwenda kulizuia kwenye tairi. Mtu anayesikiliza injini kwa sikio namna hiyo, kila kilima na kila bonde, hapati nafasi ya kusinzia. Watu husema tulikuwa na macho makavu. Gari ndilo lililokuwa linatuamsha.

Sasa litazame la kwako. Linabadilisha gia lenyewe. Volvo walitoa I-Shift, gia yao inayojibadilisha, mwaka 2001, na wenzao nao wana za kwao, kwa hiyo mguu wa kushoto umekosa kazi. Usukani unauzungusha kwa vidole viwili. Kiti kimekalia upepo, kabini nayo ina springi zake peke yake, kiyoyozi kinapuliza. Ukishauseti mwendo, hata mguu wa kulia unapumzika. Saa tisa usiku, barabara imenyooka, mstari uleule mweupe unakuja na kupita, na hakuna kitu humo ndani kinachokuhitaji. Usingizi wa namna hiyo hauji kwa kishindo. Kwanza unashindwa kukumbuka kilomita chache ulizotoka kuzipita. Kisha unapiga miayo, unajikuna, unafungua dirisha. Kisha tairi linagusa ukingo na wewe unadhani ni upepo. Kwa mwendo wa kilomita 80 kwa saa, ukisinzia sekunde nne tu lori limekwenda karibu mita 90, na dereva hayupo.

Najua yapo malori yanayofunga breki yenyewe. Ulaya malori mapya mazito yamelazimishwa kuwa na mfumo huo tangu mwaka 2015. Ni kitu kizuri, ningekipenda enzi zetu. Lakini kilitengenezwa kimtazame aliye mbele yako. Kona na korongo ni juu yako.

Nikwambie na la yule mwenzetu aliyekuwa akiendesha lori la Leyland. Umemwona miaka yote. Tukibishana magari, hakuna anayemshinda. Tukifika kwenye habari za kukesha, nani alishinda usiku mingapi bila kufumba jicho, anainuka anakwenda kunawa mikono, anarudi tukiwa tumehamia kwenye jambo jingine. Mwanawe alikuwa dereva. Hatujawahi kumwuliza, na hatujawahi kuacha kusimulia. Nafikiria hilo sana siku hizi.

Na ile hadithi ya usiku wa mvua, ambayo ulikuwa ukiiomba hata ukiwa na homa, ina kipande ambacho sijakisimulia. Mkono ulioshika usukani pale darajani ulikuwa wa utingo. Alinyoosha mkono juu ya injini, kwenye joto lile, akauvuta. Mama yako anajua. Kama zamu zako zingekuwa za mchana nisingekiandika hapa. Nakiandika kwa sababu wewe utingo huna. Tulikuwa na mtu kando, kazi yake matairi na gogo na kamba za turubai, lakini kazi kubwa kuliko zote ilikuwa kumwangalia dereva usoni. Siku hizi kiti kile wamewekea begi.

Kwa hiyo lala, mwanangu. Lala kabla ya zamu, si baada yake tu. Mchana funga mapazia, zima simu, na wakikuita kwenye shughuli za ukoo waambie baba amekataza. Watafiti walishapima: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo, utendaji wake unalingana na wa mtu mwenye kilevi cha asilimia 0.05 kwenye damu, na nchi nyingi hazikuruhusu kushika usukani ukiwa na kiwango hicho. Wewe kilevi hujawahi kukionja na ninajivuna kwa hilo. Lakini ukiamka alfajiri, ukashinda na pilikapilika, ukapanda kabini usiku, umekwenda kulekule kwa njia nyingine.

Muda mbaya ni kuanzia saa nane usiku mpaka kunakaribia kupambazuka. Mwili wenyewe ndivyo ulivyoumbwa, haijalishi una nguvu kiasi gani wala una umri gani. Ukiona dalili moja kati ya nilizokutajia, usingoje ya pili. Tafuta mahali penye nafasi na mwanga, egesha, kunywa kahawa kikombe kimoja, halafu lala dakika 15 au 20. Kahawa inachukua karibu nusu saa kufanya kazi, kwa hiyo itakukuta unaamka. Muziki wa juu na dirisha wazi ni kujidanganya. Vidonge vya kuzuia usingizi sitaki hata kuvisikia. Niliona vilivyowafanya watu niliokula nao sahani moja: vinafukuza usingizi saa kadhaa, kisha usingizi unarudi wote kwa pamoja, na haukuulizi uko wapi.

Ulaya wana sheria nzuri, ichukue iwe yako hata kama huko kazini kwenu hawaijui. Ukiendesha muda wa saa 4 na nusu unapumzika dakika 45. Kwa siku hupiti saa 9, na mara mbili tu kwa wiki wanakuruhusu kufika 10. Zamani kwenye dashibodi palikuwa na saa yenye sahani ya karatasi inayozunguka, inachora mwendo wako na mapumziko yako, askari akikusimamisha anaisoma. Tangu 2006 malori mapya ya kule yanatumia kadi. Marekani wao wanaruhusu saa 11 za kuendesha, lakini lazima uwe umepumzika saa 10 mfululizo kwanza. Watu hawakutunga sheria hizo kwa kupenda karatasi. Walizika.

Tajiri atalalamika. Nimefanya kazi na matajiri wa kila aina. Mmoja, jina lake naliacha, alikuwa anatupigia hesabu ya safari kana kwamba dereva hana kope. Akikuuliza mbona umechelewa, mwambie nililala, mwambie hivyohivyo, usitafute pancha ya uongo. Akikufukuza, chumba chako kipo.

Nisije nikasahau breki. Ukishuka mlima, shuka na gia ya chini uliyoichagua ukiwa bado juu, injini breki ikiwa imewashwa, na kama lina rita­da, kile kifaa cha kupunguza mwendo bila kukanyaga breki, itumie mapema. Breki za ngoma zikishika moto ngoma inatanuka, lainingi, ile inayosugua ngoma, inakosa nguvu ya kushika, na hapo unaweza kukanyaga mpaka chini na gari likaendelea kwenda. Ukisikia harufu umeshachelewa, simama pale panaposimamika. Usishuke na nyutro eti unaokoa mafuta. Wazee watakusimulia walivyoshuka na nyutro huku wanaimba. Usiwasikilize, na mimi nikiwemo. Geji ya upepo wa breki itazame kabla hujaondoka. Lori lako upepo ukiisha kwenye matangi springi zinafunga breki za nyuma zenyewe, ndiyo maana siku hizi gogo limesahaulika, lakini wewe weka kabari mbili kwenye sanduku la spana. Na ukikuta mahali rimu za kizamani, zile za kufungwa na ringi, usisimame mbele yake wakati wa kujaza upepo.

Juzi tulikaa tena, mabishano yaleyale. Yule wa Scania anasema hakuna gari lililopata kutokea kama 140, ya mwaka 1969, V8 ya lita 14 na nguvu za farasi 350, Ulaya nzima halikuwepo lori la kulipita. Yule wa Volvo anasema F88 ilitangulia, 1965, na yeye alilala ndani yake miaka na miaka nalo halikuwahi kumwacha njiani. Mimi na Fiat 682 yangu, ambayo Waitaliano walianza kuitengeneza 1952. Usukani wao kulia, ingawa kwao magari hupita kulia, ili dereva milimani auone ukingo wa barabara kwa macho yake. Nikawaambia Scania wenyewe tangu 2020 wanatoa V8 ya farasi 770. Wakanyamaza kidogo, halafu yule wa Scania akaniuliza, "Binti yako anapewa gari gani?" Nikamwambia sijaambiwa. Nijulishe ni gari gani, aina na mwaka, na kama kitanda chake kina godoro la maana au ni kipande cha sponji. Kama ni sponji, nitakununulia godoro, usimwambie mama yako bei.

Magari yale nayapenda, usidhani nayakana. Nikisikia injini ya zamani inapita barabarani naijua kabla haijafika, na moyo unakwenda nayo. Raha ilikuwepo. Kufungua turubai mwisho wa safari ukakuta mzigo wote mkavu, hiyo raha siwezi kukueleza, utaipata mwenyewe. Ila nilichokipenda ni gari na kazi. Kukesha hakukuwa sehemu ya raha, sisi ndio tuliokuja kupamba kukesha huko baadaye.

Mama yako amekufungia lile blanketi la kijivu, litakuja na kaka yako pamoja na tochi na zile glovu za ngozi. Glovu ni kubwa kwako lakini kwa kufunga minyororo ya mzigo zitafaa. Mfereji wa maji wa nyuma ya nyumba umeziba tena, fundi ameahidi Jumamosi. Kaka yako anataka kuhamia chumbani kwako kwa sababu chake kinavuja. Nimemwambia asubiri mpaka wewe mwenyewe useme, kwa hiyo sema, maana mvua hazisubiri.

Usinipigie simu ukiwa unaendesha, hata kama ni ya kunitoa wasiwasi. Piga kabla ya kuwasha gari. Na ukipiga, kabla ya salamu, niambie ulilala saa ngapi na ukaamka saa ngapi.

Ni mimi,
Baba yako